Maji, Risasi na Popo: Shajara ya Ukarabati wa Kanisa la Karne ya 14

Machi 2024

Ripoti ya ukaguzi imefika, nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Karibu kila aya inaishia kwenye maji. Gata ya upande wa kusini imeziba na inamwagia ndani ya ukuta. Bomba la kushushia maji limepasuka nyuma, upande usioonekana. Turubai tulilofunika baada ya risasi ya paa, ile metali laini ya kuezekea, kuibwa limeanza kuchanika. Ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani, kwa hiyo mvua ikikaza ukuta wa kaskazini unakunywa kutoka chini. Msanifu majengo amepanga kazi kwa madaraja: za kufanywa sasa hivi, za ndani ya miezi 18, za ndani ya miaka mitano, na zile za kutamani tu. Wino wangu umejaa kwenye madaraja mawili ya mwanzo.

Kwa wasomaji wapya: mimi ni mweka hazina wa halmashauri ya parishi moja ndogo mashariki mwa Lincolnshire, Uingereza. Kwetu ni Muheza. Riziki naipata kwenye ofisi ya hesabu ya kampuni ya kufungasha mboga, na jioni nahangaika na hesabu za kanisa. Kijiji sikitaji kwa makusudi, maana wezi wa risasi nao wana simu.

Kanisa lilijengwa karne ya 14, mnara ukaja karne ya 15. Liko daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria. Jumapili njema tunafika watu thelathini, tukimhesabu na mtoto wa mpiga kinanda. Kuta ni za jiwe la Spilsby, jiwe la mchanga lenye rangi ya kijani kibichi kilichochujuka, laini kiasi kwamba ukilikwangua kwa ufunguo linakuachia unga mkononi. Ni jiwe zuri la kutazama na baya la kurithi.

Makadirio ya kwanza, kabla ya VAT: awamu ya kwanza, paa la kusini na gata, pauni 148,000. Awamu ya pili, mitaro na mawe ya mnara, pauni 164,000. Benki tuna pauni 14,000.

Aprili 2024

Nimempigia shangazi kumsalimia, nikamsimulia. Kimya kidogo, kisha: "Baba, yaani hao waliotuletea dini nao wanapitisha kapu?"

Wanapitisha, shangazi. Na kapu lenyewe linarudi jepesi.

Hili nimeulizwa na wengi wa nyumbani, kwa hiyo niliandike mara moja. Wengi wanadhani makanisa haya ya kale yanatunzwa na serikali, au na mfalme, au na hazina fulani ya maaskofu huko London. Ufaransa ndiyo yenye mpango wa namna hiyo: kwa sheria ya 1905, makanisa makuu mengi ni mali ya dola, na makanisa ya parishi yaliyokuwepo wakati huo mengi ni mali ya halmashauri za miji na vijiji. Ujerumani kuna kodi ya kanisa inayokatwa pamoja na kodi ya mapato. Uingereza haina hata kimoja. Zamani kila mwenye mali kijijini alitozwa ada ya kutunza kanisa, awe anasali humo au hasali. Bunge likaifuta lazima hiyo mwaka 1868. Tangu hapo mzigo ni wa waumini wenyewe. Kanisa la Uingereza lina majengo kama 16,000, zaidi ya 12,000 kati yake yanalindwa na sheria, na kila moja lina halmashauri yake ndogo kama yetu, yenye mweka hazina wake asiyelala.

Kuna kiroja kimoja kilichobaki. Kwa desturi ya kale, sehemu ya waumini ilitunzwa na wanaparishi na sehemu ya madhabahu ilitunzwa na aliyekula zaka za mashamba. Mashamba yakauzwa na kuuzwa tena, lakini deni likaendelea kuifuata ardhi. Mwaka 2003 Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, lazima walipie ukarabati wa sehemu ya madhabahu ya kanisa la kijiji chao, na ilikuwa karibu pauni laki mbili. Baada ya hapo serikali ikaweka ukomo: haki hiyo isajiliwe kabla ya tarehe 13 Oktoba 2013. Parishi yetu haikusajili. Wazee wa wakati ule walisema hawawezi kumfilisi jirani ili wapake chokaa. Nikiangalia salio la benki huwa najaribiwa kuwalaumu, kisha namkumbuka jirani mwenyewe, ambaye ndiye anatukatia nyasi za makaburini bila malipo.

Mei 2024

Kikao cha halmashauri, agenda moja: paa jipya liwe la risasi au la chuma?

Risasi ndiyo asili. Inakunjika, inafuata mbao za zamani zilizopinda, na ikiwekwa vizuri inapita karne. Ikichakaa inayeyushwa na kumwagwa upya kwenye kitanda cha mchanga, kama walivyofanya wa kale. Tatizo lake ni bei yake chakavu. Wanakuja usiku na gari, wanaibingirisha kama jamvi, na asubuhi unakuta mbao ziko wazi. Lincolnshire imeumia sana. Mwaka 2021 mahakama ya Lincoln iliwafunga wanaume wanne kwa wizi wa risasi kwenye makanisa zaidi ya 20 sehemu mbalimbali za Uingereza. Hasara ya chuma chenyewe ni ndogo. Hasara ni mvua inayoingia kabla hujagundua, na kanisa la kijijini linaweza kukaa wiki nzima bila mtu kupanda juu.

Mbadala ni chuma cha pua kisichoshika kutu, chenye utando wa bati. Kinafifia na kuwa kijivu, ukiwa chini huwezi kukitofautisha kirahisi. Kwa mwizi hakina maana. Historic England, taasisi ya serikali inayolinda majengo ya kale, wanakikubali pale risasi ilipokwisha kuibwa. Aliyekipinga zaidi ni mama mmoja aliyezaliwa hapa, ambaye baba yake alikuwa mpiga kengele. "Mvua itapiga kelele," alisema. Kweli itapiga, ingawa msanifu anasema ubao na tabaka la chini litapunguza. Tukapiga kura, chuma kikapita. Mama akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba hakukubali, nasi tukaandika.

Uamuzi wetu hautoshi. Lazima tupate kibali cha dayosisi: maombi, michoro, maoni ya kamati ya ushauri, tangazo mlangoni kwa siku 28 ili mwenye pingamizi aseme, kisha chansela wa dayosisi, ambaye ni hakimu kabisa, anaamua. Watu wanakereka na urasimu huu. Mimi umenifaa. Kila swali waliloniuliza kwenye kibali niliulizwa tena na watoa ruzuku, na majibu nilikuwa nayo tayari.

Juni 2024

Mwezi wa fomu.

Wafadhili nimewapanga makundi matatu. Kwanza fedha ya bahati nasibu ya taifa kupitia National Lottery Heritage Fund. Zamani kulikuwa na fungu maalumu la nyumba za ibada. Lilifungwa mwaka 2017, na sasa kanisa linapanga foleni moja na makumbusho, bustani na meli za kale. Pili mashirika ya hisani ya makanisa ya kihistoria, la kitaifa na la mkoa, yanayotoa kidogo lakini haraka. Tatu, lililowachekesha ndugu zangu kwenye kundi la WhatsApp, fedha ya takataka. Tangu 1996 wenye madampo wanalipa kodi kwa kila tani wanayofukia, na wanaruhusiwa kuelekeza sehemu ndogo kwenye miradi ya jamii zilizo karibu na dampo. Kanisa la kihistoria lililo wazi kwa umma linastahili. Kaka yangu akaandika: "Kumbe mnaezeka kwa taka." Ndiyo, kaka, na paa halivuji.

Fomu hizi zina tabia moja. Hakuna hata moja inayouliza gata zetu zina hali gani. Zinauliza watu wangapi watanufaika, watoto wa shule watajifunza nini, nani ambaye hajawahi kuingia ataingia. Siwalaumu, fedha ni ya umma, na kanisa linalofunguliwa saa moja kwa wiki si rahisi kulitetea. Lakini inamlazimu mtu kuuza maji kwa jina lingine. Kwa hiyo kwenye fomu yetu mtaro umekuwa "fursa ya wanakijiji kujifunza akiolojia", ukweli ambao sikuutunga, maana mwanaakiolojia lazima awepo tukichimba. Na paa limekuwa siku ya mafunzo ya chokaa kwa mafundi vijana wa chuo cha karibu.

Mtoaji binafsi naye ana yake. Mzee mmoja, mkulima mstaafu, anataka kutoa pauni 20,000 kwa ajili ya kengele. Tatu kati ya kengele zetu hazipigwi tena kwa sababu fremu imelegea. Nilimwomba nusu iende kwenye gata. Akaniangalia kwa upole kama anayemwangalia mgonjwa. "Sitaki jina la mama yangu kwenye gata," akasema.

Ninamwelewa. Lakini kisheria fedha iliyotolewa kwa kengele ni ya kengele. Nikiinunulia bomba nimevunja amana. Basi tuna kanisa ambalo kwenye vitabu lina fedha na mvuani linavuja. Watu wanapenda kulipia kinachong'aa na kinacholia: kioo cha rangi, malaika wa mbao, kengele. Kinachookoa hivyo vyote ni mfereji wa chuma wenye upana wa kiganja, uliojaa majani na njiwa aliyekufa.

Agosti 2024

Awamu ya kwanza imetimia kwenye karatasi. Ruzuku kubwa moja ya pauni 90,000, ruzuku ndogo zikijumlishwa 22,000, wasia wa muumini mmoja 15,000, akiba yetu yote 14,000, na 7,000 za keki, chai, mnada wa mboga na michango ya watu, ikiwemo ile asilimia 25 ambayo serikali inaongeza juu ya sadaka ya anayelipa kodi. Jumla 148,000, hata senti haizidi. VAT ya asilimia 20 juu yake tutaidai irudi. Mwaka 2001 serikali ilianzisha mpango wa kurudisha VAT ya ukarabati kwa nyumba za ibada zinazolindwa. Ila unalipa kwanza, unarudishiwa baadaye. Ruzuku nazo nyingi zinalipwa baada ya kuonyesha ankara. Kwa hiyo miezi kadhaa kanisa lenye fedha yote ya kazi linaweza kushindwa kumlipa fundi. Dayosisi imetukopesha ya kuvukia. Bila mkopo huo tungekuwa na cheti cha ruzuku ukutani na turubai juu.

Sasa kalenda. Ndani ya paa wanaishi popo, nao wanalindwa na sheria kuliko mimi. Kuanzia Mei mpaka Agosti majike wanazaa na kulea, hakuna kuwagusa wala kuwawekea taa. Mtaalamu amehesabu wanakotokea machweo, na Natural England, taasisi ya serikali inayolinda wanyama na mazingira, wametoa leseni yenye masharti: matundu mawili yabaki wazi kwenye paa jipya, na kazi ya juu isianze kabla ya Septemba. Upande wa pili kuna chokaa. Udongo wa chokaa hautaki baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 kazi inasimama, na barafu ikiupata kabla haujakomaa unamenyeka wote. Popo wanatufungulia mlango Septemba, barafu inaufunga Novemba. Katikati hapo ndipo mkandarasi lazima aingie na kutoka.

Kuna wanaowachukia popo hawa, na kila Jumamosi mama mmoja huifuta meza ya madhabahu akinung'unika kwa maneno yasiyo ya kanisani. Nami siwapendi. Lakini wamo humu muda mrefu kuliko halmashauri yoyote.

Septemba 2024

Jukwaa la mabomba limesimama upande wote wa kusini, na king'ora cha usiku kimefungwa juu yake.

Jumamosi ya pili ya mwezi ilikuwa siku ya baiskeli, ile ya kila mwaka ambapo watu nchi nzima wanazunguka makanisa kwa baiskeli au kwa miguu huku wakichangiwa. Nusu inakwenda kwenye kanisa la mchangishaji, nusu kwenye mfuko wa makanisa ya mkoa. Mimi niliendesha mpaka Little Steeping. Hapo ndipo Edward Steere alipokuwa kasisi kabla ya kwenda Afrika Mashariki mwaka 1863 pamoja na Askofu Tozer. Ndiye yule aliyechapisha hadithi za Kiswahili na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Unguja, miaka ya 1870, pale palipokuwa soko la watumwa. Sisi wa Muheza tumekua tukilisikia jina lake. Kanisa lake la Lincolnshire ni la jiwe lile lile la kijani kama letu. Nilikuta mlango uko wazi, maji ya kunywa mezani kwa ajili ya waendesha baiskeli, na daftari la kusaini. Nikasaini kwa Kiswahili.

Oktoba 2024

Paa limefunguliwa, na tumekutana na mambo.

Boriti ya tatu kutoka mnarani inaingia ukutani chini kabisa ya ile gata iliyoziba. Ukisimama sakafuni ni boriti nzima ya mwaloni, nyeusi, nzito, ya kutegemewa. Fundi seremala aliniita juu. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye ncha ya boriti pale inapolalia ukuta, ikazama mpaka kwenye mpini bila sauti. Akaichomoa, ikatoka na unga wa kahawia, unyevu, wenye harufu ya uyoga. Pembeni kulikuwa na matundu ya mviringo, makubwa ya kupitisha njiti ya kiberiti, ya mdudu anayependa mwaloni uliolowa. Mwaloni mkavu humshinda. Miaka 600 boriti hii ilimshinda mdudu huyo, mpaka maji yalipomlainishia.

Boriti tatu ziko hivyo. Mkandarasi mmoja aliyewahi kutupa bei, ambaye hatukumchukua, alikuwa ametaka kutoa zote na kuweka mpya. Seremala wetu anakata sehemu iliyooza tu mpaka afike kwenye mbao inayolia inapogongwa, kisha anaunga kipande kipya cha mwaloni kwa mkato mrefu wa mshazari, na kupigilia vigingi vya mbao. Hakipaki rangi kifanane. Anachonga mwaka upande wa juu, ili atakayefungua paa hili baadaye ajue kipi cha nani. Ndiyo njia ambayo chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, kimeihubiri tangu mwanzo: tengeneza kilichoharibika, usiguse kizima, usijifanye wa kale.

Nyongeza ya gharama: pauni 11,400. Fungu la dharura ndani ya bajeti lilikuwa 14,800. Nimelala vizuri usiku huo, jambo ambalo halijatokea mara nyingi mwaka huu.

Novemba 2024

Chuma kiko juu, gata mpya ziko mahali pake, pana kuliko za zamani, na kila moja ina tundu la kufurikia nje ili ikiziba maji yamwagike mahali pa kuonekana na si ndani ya ukuta. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mradi huu, na hakuna mgeni atakayekipiga picha.

Mvua ya kwanza kubwa ilipiga wakati wa ibada. Inasikika, ndiyo. Mama wa kumbukumbu aligeuka akanitazama. Baada ya ibada akasema, "Nilisema." Kisha akaenda kukagua pale ndoo ilipokuwa inakaa, akakuta pakavu, akaibeba ndoo kwenda nayo jikoni bila neno lingine.

Januari 2025

Habari mbaya kutoka serikalini. Mpango wa kurudisha VAT unaendelea mpaka Machi 2026, lakini kuanzia Aprili bajeti yake inashuka mpaka pauni milioni 23 kwa mwaka, kutoka milioni 42, na kila jengo litapata si zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka.

Makanisa mengi hayatagusa ukomo huo. Walio katikati ya kazi kubwa ndio wanaoumia, na wapo wenye pengo la mamia ya maelfu. Letu: awamu ya pili ni 164,000, VAT yake ni 32,800, tutarudishiwa 25,000. Pengo 7,800. Awamu ya kwanza tulishadai na kulipwa yote, bahati ya popo kutusukuma kwenye Septemba badala ya kusubiri mwaka wa pili.

Pauni 7,800 kwa mtu wa nje ni kidogo. Kwa watu thelathini wengi wao wakiwa wastaafu, hiyo ni keki nyingi mno. Nimeandika barua kwa mbunge, wameandika na wengine, na huku nikisubiri majibu nimeanza kutafuta.

Aprili 2025

Mtaro wa kaskazini umeanza. Wazo ni rahisi: kuchimba kando ya ukuta, kulaza bomba lenye matundu, kujaza kokoto, maji yaende mbali. Ugumu ni kwamba kando ya ukuta wa kanisa la karne ya 14 hakuna udongo usio na mtu. Ndiyo maana ardhi imepanda: karne baada ya karne ya mazishi juu ya mazishi, mpaka nje pakawa juu kuliko ndani. Mtaro tumeufanya mfupi wa kina, kadiri unavyotosha tu.

Mwanaakiolojia anakaa ukingoni siku nzima. Kila koleo likigonga kitu, kazi inasimama. Mifupa iliyokwisha kutawanyika inakusanywa, inaandikwa, na inazikwa tena humo humo makaburini. Kasisi anasoma sala fupi, vijana wa mtaro wanavua kofia. Watoto wa shule walikuja, kama fomu ilivyoahidi. Mmoja aliuliza kama waliozikwa wanajua paa limebadilishwa. Kasisi alisema atatafakari.

Imetoka pia misumari ya majeneza na kipande cha kioo cha rangi, kidogo kama kucha, chenye mistari ya kahawia ya brashi. Vioo vya namna hiyo vilivunjwa kwa wingi baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16. Mtu alifagia, akatupa nje.

Julai 2025

Mnara. Mahali fulani katikati ya karne iliyopita, watu wenye nia njema walijaza viungo vyote vya mawe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la Spilsby. Maji yanayoingia ukutani hayawezi kutokea kwenye kiungo, yanatokea kwenye jiwe lenyewe, na majira ya baridi yanagandia humo humo na kulipasua ngozi. Ukitazama mnara kwa karibu unaona viungo vya saruji vimesimama vizima, vimejitokeza nje, na mawe yamerudi ndani kama fizi iliyoliwa.

Mafundi wanaitoa kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, kwa sababu mashine inakula jiwe. Kisha chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, wanaloweka ukuta, wanashindilia, wanafunika magunia mabichi ili usikauke haraka. Mwashi mkuu alishangaa kuona nayajua magunia. Nikamwambia pwani yetu imejengwa kwa chokaa. Matumbawe yanachomwa kwenye tanuru la magogo, na misikiti ya Kilwa ilikuwa imesimama kwa udongo huo Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, miaka ambayo waashi wa huku huenda walikuwa wanapanga mawe haya haya. Na ugonjwa wa saruji tunao pia. Mji Mkongwe wa Unguja una kuta za matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji na zinaoza kwa ndani. Akaniuliza tunachanganya vipi. Tukaongea mpaka chai ikapoa.

Septemba 2025

Mnara umekamilika mpaka dirisha la kengele. Sehemu ya juu kabisa inangoja, kwa sababu mawe manne ya kona yanahitaji kubadilishwa na machimbo ya jiwe hili hayapo tena. Msanifu anatafuta jiwe linaloelekeana nalo kwa rangi na kwa ulaini, na dayosisi lazima ilikubali.

Pengo la 7,800 limebaki 2,150. Sehemu imetoka kwa fedha ya dampo, sehemu kwa siku ya baiskeli, na 300 zimetoka kwa watu wa Muheza waliopitisha mchango kwenye simu bila kuniambia. Shangazi ndiye aliyeongoza. Aliandika kwenye ujumbe: "Ya gata. Usinunulie keki."

Halmashauri imepitisha jambo nililolipigania tangu mwanzo. Kuanzia sasa kila mchango wa kitu cha kuonekana, kioo, kengele, taa, utapokelewa kwa makubaliano kwamba sehemu ya kumi inakwenda kwenye mfuko wa gata na mitaro. Tumeuandika kwenye fomu ya mchango kwa herufi za kawaida, si ndogo. Mkulima wa kengele alisoma, akatikisa kichwa, akauliza kama jina la mama yake litaandikwa popote kwenye hiyo sehemu ya kumi. Nikamwambia hapana. Akasaini.

Mkataba wa kusafisha gata umesainiwa pia: mara mbili kwa mwaka, Novemba majani yakishaanguka na tena masika. Zabuni ya fremu ya kengele inafunguliwa mwezi ujao. Kampuni tatu zimeomba michoro, na mtaalamu wa popo amesema fremu haimhusu.